Safari ya Mpanda na Habari za Wazee Wetu Wanaosahau



Katika toleo lililopita niliahidi kuandika juu ya magunia na unyevu wa ghala. Ahadi hiyo naiweka kando kwa mara hii, na wale walioniletea maswali yao wanisamehe, maana liko jambo ambalo naona halifai kungoja mpaka mavuno mengine yaingie. Nalo lawahusu wazee wetu.

Wengi wenu mwakumbuka tukio la msimu uliopita. Mzee mmoja, baba wa mwanachama mwenzetu, ambaye sitamtaja kwa kuwa yeye na watu wake ni watu wa heshima, aliachwa nyumbani siku moja watu wote walipokwenda kambini. Mlango ulifungwa kwa nje. Hawakumfungia kwa ubaya. Walimfungia kwa kuwa kwa muda sasa amekuwa akitoka asijue njia ya kurudi, na mkwewe alimwekea maji, na uji katika chupa, na redio akamfungulia. Alasiri waliporudi walikuta dirisha limevunjwa. Akatafutwa kisimani, akatafutwa pwani, na karibu na magharibi kijana mmoja akatazama juu akamwona: mzee wa miaka themanini na zaidi, amekaa katika panda ya mkarafuu, juu kuliko paa la nyumba, pakacha amelifunga kiunoni, anachuma.

Alishushwa kwa kamba, naye aliteremka akinung'unika kwamba wamemkatiza kazi na pakacha halijajaa.

Watu walicheka, nami nilicheka pamoja nao, kwa kuwa enzi zake mzee huyu hakuwa na mwenzake katika kupanda, na hata siku ile alichuma vizuri pasipo kuvunja tawi. Lakini usiku ule sikulala. Nilikuwa nimeona jambo kama lile mahali pengine, mbali sana na mikarafuu, nalo huko halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Nataka niwaeleze.

Bibi yangu, ndugu wa tumbo moja na marehemu babu yangu, aliolewa katika miaka ya sitini na karani wa reli, akachukuliwa bara. Kituo cha mwisho cha mumewe kilikuwa Mpanda, na huko wakajenga, na huko mume akafa. Bibi hakurudi Pemba. Akabaki na mwanawe, yaani ami yangu, na mke wa ami ambaye ni Mbende wa hapo hapo Mpanda, muuguzi aliyekwisha staafu. Mimi namwita mama. Mwaka juzi ami alinipigia simu akasema, "Njoo umtazame bibi yako kabla hajatusahau sote."

Safari hiyo si fupi. Mtu avuka bahari mara mbili mpaka Dar es Salaam, kisha apanda gari moshi mpaka Tabora, na kutoka huko njia hugawanyika Kaliua, tawi moja likishika upande wa kusini mpaka Mpanda. Tawi hilo lilijengwa wakati wa Mwingereza, baada ya vita kuu ya pili, kwa ajili ya machimbo ya risasi, nayo machimbo yale yamekwisha fungwa zamani. Nchi yenyewe ni ya miombo, kavu, tambarare, na wakulima wake hulima mahindi na mpunga na tumbaku. Tumbaku hukaushwa kwa moto ndani ya nyumba ziitwazo mabani, wala haianikwi juani kama karafuu, na kuni zinazoteketea ni nyingi mno. Lakini hayo ni ya siku nyingine.

Nilichukua kifuko kidogo cha karafuu za jikoni. Msije mkanishitaki kwa magendo. Hazikufika hata nusu kibaba, na vingi vilikuwa ni vishada vya mwisho wa msimu ambavyo hata kuchambuliwa havikuchambuliwa.

Nilipofika nilifanya kosa ambalo karibu kila mmoja wetu hulifanya. Niliingia, nikamwamkia bibi, nikapiga magoti mbele yake, nikasema kwa sauti kubwa kama kwamba ni kiziwi, "Bibi, wanijua mimi ni nani?" Akanitazama asijibu. Nikauliza tena. Nikauliza mara ya tatu, nikamtajia baba yangu na babu yangu na kijiji chetu, nikamwambia, "Hebu jaribu kukumbuka." Bibi akajifunika uso kwa kanga. Akasema, "Mbona wanihoji kama polisi? Miye nimeiba nini?" Akalia.

Mama, yule muuguzi, alinishika mkono akanitoa uani. Hakunigombeza. Aliniambia kwamba kumwuliza mtu mwenye maradhi yale kama anakumbuka ni sawa na kumwuliza mwenye mguu uliovunjika kama anaweza kukimbia, tena mbele za watu. Akasema, usimwulize analolijua, mwulize anavyoona. Usimwambie "Nani huyu?" Mwambie "Kanga hii waionaje, yafaa kuvaliwa harusini?" Swali la kwanza lina jibu moja, na akilikosa ameaibika. La pili kila jibu ni sahihi.

Usiku wa pili nikaona lenyewe. Saa nane za usiku mlango uligongwa kwa nguvu. Bibi alikuwa ametoka, amefika ua wa jirani, na hapo jirani alikuwa ameanika mahindi yake juu ya turubai. Bibi alikuwa ameinama anayakusanya mahindi yale kwa mikono miwili, akisema kwa Kipemba, "Karafuu zishaanuliwa? Mvua iyo yaja! Mwangoja nini?" Hapakuwa na dalili ya mvua. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa nyota.

Sisi wa huku, mtu akikuta bibi kizee anaanua usiku, atajua mara moja huyo amelelewa na karafuu. Lakini jirani yule hakuwa wa huku. Alikuwa mtu aliyehamia karibuni, kama walivyo wengi pale. Mkoa wa Katavi uliundwa mwaka 2012, ukatolewa katika Rukwa, na hesabu ya watu ya mwaka huo ilionyesha watu 564,604. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha 1,152,958. Katika miaka kumi tu watu wamezidi mara mbili; wafugaji wamekuja na ng'ombe wao, wakulima wametafuta ardhi, wachimbaji wametafuta dhahabu. Mtu hukaa nyumba ya pili asimjue jirani yake alikuwa nani ujanani. Alichokiona jirani yule ni kikongwe mwenye macho mekundu, saa nane za usiku, uani kwake, anashikashika chakula cha watoto wake na kunong'ona kwa maneno yasiyofahamika. Na wiki ile ile mtoto wake mdogo alikuwa na homa.

Ndugu zangu, tusijidanganye kwamba hayo ni maneno tu. Katika mikoa ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa wazee, na zaidi wanawake, wameuawa kwa dhana ya uchawi miaka na miaka. Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma ambao wapakana na Katavi, watu saba waliuawa kwa kuchomwa moto kwa sababu ya dhana hiyo. Sheria ipo tangu 1928, nayo humwadhibu hata yule anayemwita mwenziwe mchawi, lakini sheria hufika asubuhi, na mambo hayo hutendeka usiku. Macho mekundu ya wazee wengi yametokana na moshi wa jikoni. Kutembea usiku, kusema peke yake, kuingia nyumba isiyo yake, kumshuku mtu kuwa amemwibia: hizo zote ni dalili za maradhi, nazo ndizo zile zile ambazo mjinga huzihesabu kuwa ushahidi.

Maradhi yenyewe matabibu huyaita dimenshia. Si uzee mtupu, maana wako wazee wa miaka tisini wenye akili kali kuliko mimi. Ni ubongo kuharibika kidogo kidogo. Aina iliyo nyingi huitwa kwa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mwaka 1906. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya kichwani kuziba au kupasuka, na hiyo ndiyo itupasayo kuiogopa sisi wa visiwani, kwa jinsi shinikizo la damu na sukari vilivyotuzoea. Mwenye shinikizo la damu anayekunywa dawa zake leo anajilinda na mengi ya baadaye. Dawa ya kuyaondoa maradhi haya yakisha kuingia haijapatikana. Lakini angalieni: mzee aliyekuwa mzima jana na leo akachanganyikiwa ghafla, huyo msimhesabu katika habari hii. Huenda ni homa, au maji yamempungukia, au dawa alizokunywa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa nieleze alichofanya mama, maana hicho ndicho kilichonifanya niandike.

Asubuhi ile ile alimvalisha bibi vizuri, akamshika mkono, wakaenda kwa jirani pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Hakwenda kuomba radhi tu. Alieleza kwamba huyu mama ni mgonjwa wa ubongo, na alivyokuwa akifanya ujanani, na kwa nini ameyakusanya mahindi. Akamtazama na mtoto, akamtaka mama yake ampeleke zahanati, akaenda naye. Ilikuwa malaria. Kisha akamwambia yule mwanamke, "Mchana kila Jumatatu na Alhamisi tuna kikao cha wazee kwangu. Njoo ukae nasi."

Kikao hicho nilikiona kwa macho yangu. Wazee sita chini ya mwembe: bibi yangu, mzee wa Kibende aliyewahi kurina asali msituni, Msukuma mmoja aliyepoteza hesabu ya ng'ombe wake na bado awahesabu, mama wa Kirundi aliyefika Katumba kwa ajili ya machafuko ya 1972, na wawili wengine wa mtaa. Wanaoongoza ni wawili, mama na kijana mmoja wa jirani, kwa sababu mmoja akiongoza, wa pili humwangalia anayetaka kuondoka au anayeanza kuhuzunika. Huanza kwa wimbo ule ule kila mara, kisha hurushiana mpira wa matambara, na kila aupataye husema jina lake na jambo alipendalo. Kisha hutaja siku na hali ya hewa, bila kumtahini mtu. Kiongozi husema mwenyewe, "Leo Alhamisi, jua limekuwa kali," na wengine huitikia. Baada ya hapo huja jambo la siku hiyo. Haizidi saa moja.

Siku ile jambo lilikuwa vitu vya kunusa. Kulikuwa na ndimu, na tangawizi, na dagaa wa Tanganyika, na asali katika kibuyu. Nami nikatia kifuko changu.

Bibi alipokipata hakunusa. Aliingiza mkono, akatoa kishada, akakibana katika kiganja cha mkono wa pili akakizungusha, na karafuu zikaanguka upande huu na kikonyo upande ule. Akatwaa cha pili. Wanaojua kazi hii wajua kuwa haifanywi kwa macho. Alikuwa anatutazama sisi, na mikono inakwenda. Mzee wa Kisukuma akauliza kama hiyo ni tumbaku ya pwani. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Akamwita akae karibu, akamfundisha, akamkemea alipochanganya makonyo. Yule mke wa jirani alikuwa amekaa hapo na mtoto wake mgongoni, anatazama, na mwishowe naye akaomba kishada.

Kilipokwisha kile kidogo, bibi akanigeukia. Hakunijua kuwa mjukuu wake. Mpaka naondoka hakunijua. Lakini alinitazama, labda kwa ajili ya kalamu iliyokuwa mfukoni mwangu, akasema, "Karani, pishi yangu hiyo. Andika!"

Nikaandika.

Nilimwuliza mama ameyapata wapi maarifa hayo, maana nilidhani ni hekima yake tu. Alisema nusu ni yake na nusu ni ya Hai. Hai ni wilaya iliyo chini ya mlima Kilimanjaro. Huko, katika miaka ya 2009 na 2010, waganga wa hapa nchini na wenzao wa Uingereza waliwapima wazee 1,198 wa miaka sabini na zaidi katika vijiji sita, wakakuta kiasi cha watu 6 katika kila 100 wana maradhi haya. Wengi wao hawakuwa wamepata kuambiwa na yeyote kwamba ni wagonjwa. Nyumbani ilisemwa ni uzee. Baadaye wakaleta huko utaratibu wa vikao ambao Waingereza walikuwa wameubuni. Majaribio yake makubwa huko kwao, yaliyoongozwa na Bibi Aimee Spector, yalitangazwa mwaka 2003, yakihusu wazee 201. Ni vikao 14, mara mbili kwa wiki, kwa wiki saba, kila kimoja na jambo lake: vyakula, utoto, sauti, fedha, michezo ya hesabu, na kadhalika.

Yaliyokuwa ya Kizungu mno yalibadilishwa, kwa kuwa wazee wengi wa huku hawakusoma shule, na mtu asiyejua kusoma humpi fumbo la herufi. Wazee 34 wa Hai wakapitishwa katika vikao hivyo, na matokeo yakatangazwa mwaka 2017: fahamu zao zilipata nafuu, wasiwasi ukapungua, na zile tabia zinazowachosha watu wa nyumbani zikapungua. Hawakupona. Lakini kati ya kupona na kufungiwa mlango kwa nje kuna nafasi kubwa.

Niliporudi Pemba nilimsimulia kila mtu habari hii, kisha, nasema kweli, sikufanya lolote. Ilinibidi nione mzee juu ya mkarafuu.

Basi baada ya mavuno, kwa idhini ya Bwana Mwenyekiti, tulianza vikao katika baraza ya ghala letu. Kikao cha kwanza kilikuwa fedheha, na mwenye makosa ni mimi. Niliwaita wazee kumi na watano, nikaleta kipaza sauti, nikahutubia. Wawili walilala, mmoja alifikiri ni mkutano wa bei akaanza kudai haki yake, na mmoja akanyanyuka akaenda zake. Mama aliponisikia kwenye simu alicheka sana. Aliniambia wasizidi wanane, na mimi ninyamaze.

Tangu hapo tumejifunza kwa kukosea. Twakaa baada ya sala ya alasiri, kwa kuwa asubuhi wazee wengine wana usingizi wa dawa. Wanawake hukaa uani na wanaume barazani, kwa desturi yetu, na kila upande una viongozi wake wawili. Bao limetusaidia kuliko vyote. Yuko mzee asiyejua jina la mwanawe aliyemleta, lakini akishika kete husambaza na kula bila kukosea shimo, na ukimwibia kete moja utajuta. Wengine ulimi hauwapi neno la kawaida, lakini ukianza Alhamdu huimaliza wote kwa tajwidi. Siku ya fedha nilileta shilingi za zamani za Afrika Mashariki, zile zenye simba, nikaziweka juu ya jamvi nikauliza tu, "Hii enzi zenu ilifaa kununua nini?" Zogo lilizuka juu ya bei ya pishi ya zamani ambalo lilichukua kikao kizima. Mzee wetu wa mkarafuu ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, na tarehe zake, nilipouliza, hazikuwa mbali na kweli.

Si kila siku huwa njema. Wimbo mmoja wa harusi ulimliza bibi mmoja kwa kilio kikubwa, na binti aliyekuwa akiongoza hakujua anyamaze au aendelee. Mwanamke mzima aliyekuwapo alisogea tu akamshika mkono, wakakaa hivyo, na wengine wakaendelea kwa sauti ndogo. Hayo hayamo katika mwongozo wowote niliousoma.

Na hapa nafika kwa wanaoongoza, ambao ndio shida yetu hasa. Binti niliyemtaja alimaliza kidato cha nne. Ni mpole, ana sauti nzuri, na wazee humwita kwa majina ya binti zao wenyewe, naye huitika yote. Wiki ya pili mama yake alikuja ofisini. Aliniambia kwa adabu kwamba si kwamba anakataa, lakini mavuno yakija, alasiri mbili kila wiki ni pishi nyingi, na pishi hizo ndizo sare za shule za wadogo zake. Je, chama kitamlipa? Sikuwa na jibu. Kijana anayeongoza upande wa wanaume naye ni mchumaji. Na wengine wanaowatunza wazee hao nyumbani, ambao karibu wote ni wake na mabinti, hawaonekani kabisa katika hesabu zetu. Siku ya kikao ndiyo siku yao pekee ya kwenda kisimani au kwa jamaa pasipo moyo kuwadunda. Mmoja aliniambia kuwa siku ya kwanza alirudi nyumbani akalala usingizi tu mpaka tulipomrudishia mkwewe.

Yameletwa mbele yangu maneno ya kupinga, nami niyaandike kwa haki. Mwanachama mmoja wa siku nyingi amesema chama hiki ni cha karafuu, na fedha zake ni za karafuu, na mzazi ni amana ya mwanawe si ya ofisi. Neno lake juu ya mzazi ni kweli na dini yetu yalisema wazi. Lakini sioni kuwa mwana aliye juu ya mti tangu alfajiri anaweza kuitimiza amana hiyo kwa kufuli. Mwingine amesema serikali yatoa pencheni kwa kila mzee wa miaka sabini tangu mwaka 2016. Yatoa, na twashukuru. Lakini pencheni haikai na mtu barazani. Wa tatu amesema wazee wapelekwe nyumba ya wazee ya Limbani. Huyo nilimwuliza kama yu tayari kumpeleka wake, akaondoka.

Kwangu mimi, msimu wa mavuno ndio wakati wa hatari, maana ndio wakati nyumba zinapobaki tupu. Kwa hiyo nimeandika pendekezo, na Kamati imekubali liletwe mkutanoni: kwamba katika wiki zote za mavuno vikao viwe mara mbili kwa wiki barazani pa ghala, na siku nyingine wazee wale wale wakae hapo mchana chini ya uangalizi, wakichambua karafuu wakipenda, wasilazimishwe, kwamba viongozi wanne walipwe na chama sawasawa na anavyopata mchumaji wa wastani kwa saa hizo, na kwamba pishi atakayochambua mzee iandikwe kwa jina lake, alipwe mkononi mwake, hata kama kesho amesahau kuwa alilipwa. Hilo la mwisho Mshika Fedha hakulipenda, kwa sababu ya vitabu. Tumekubaliana kuwa nitakiweka kitabu chake mimi mwenyewe.

Mkutano utakuwa ghalani Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Mwenye mzee wa namna hii nyumbani ambaye hajatuambia kwa kuona haya, aje anione faragha. Nyumbani kwetu pia tulificha muda mrefu. Kuhusu bibi, ami aliniarifu wiki iliyopita kwamba sasa hatembei tena usiku sana, kwa kuwa jirani humletea maharage ya kuchagua kila jioni, na akichoka hulala. Ameomba nipeleke karafuu nyingine, na hapa ndipo nitahitaji kibali.

Anayeweza kutuazima bao zima alilete ofisini. Lililopo lina shimo lililopasuka, na wazee wamekwisha lilalamikia mara mbili.

Katibu